Kopo la Bi Somoe

Vijana wa kikosi cha dharura cha umeme, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaimba, mkakata keki, halafu msimamizi wenu mpya akaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi. Saa yenyewe ni ya betri. Hapo niliona mnaijua kazi yenu.

Habari za vyeo sitaandika, kwa kuwa hazikuwa nyingi, na mishahara mnaijua wenyewe mnavyoilalamikia. Nitaandika habari za ile penseli isiyo na ncha iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari la dharura. Nasikia mnaulizana ni ya nini, na kuna mmoja wenu alitaka kuichonga. Asiichonge. Asome kwanza hapa.

Nilianza kazi nikiwa na nywele kichwani na magoti mawili mazima. Siku ya kwanza nilifika na buti mpya na bisibisi mfukoni, nikidhani nitapandishwa nguzoni kabla ya chai. Kiongozi wa kikosi alikuwa Mzee Chilumba, mtu mfupi, mkali, ambaye koleo lake alilitunza ndani ya soksi iliyolowa mafuta ya nazi, kwa sababu chumvi ya bahari ya Mtwara haikiachi chuma salama. Alinitazama toka chini hadi juu akasema, "Bisibisi mrudishie mama yako akafungulie makopo. Wewe utatembea."

Nikatembea kweli. Wiki mbili nzima nilipita chini ya laini kwa miguu, kutoka Chikongola madukani mpaka mwisho wa Likombe, ambako siku hizo kulikuwa mikorosho mitupu na nyumba za kuhesabu. Nilitazama juu na kuandika: nguzo imeinama, tawi limegusa waya, kunguru amejenga. Shingo iliniuma mpaka nikawa naswali kwa taabu. Lakini nawaambia, hadi leo nikifumba macho naziona nguzo zile moja baada ya nyingine, na hakuna ramani ya kwenye kompyuta yenu iliyonipita.

Wiki ya tatu tukaitwa nyuma ya maduka ya Chikongola. Waya ulikuwa umekatika ukalala uchochoroni. Maduka yote giza, feni zimesimama, mafundi cherehani wako barazani wanapiga soga. Mimi na akili zangu za wiki tatu nikaona, kama umeme hakuna, basi waya ule ni kamba tu. Nikainama niusogeze. Mzee Chilumba alinichapa mkono kwa ile fimbo ndefu ya kufungulia fyuzi mpaka kidole kikavimba. Akafunga testa kwenye ncha ya fimbo, akaugusa waya. Taa ikawaka.

"Giza la nyumba si giza la waya," ndipo akasema. "Kipande cha upande wa nyumba kimekufa. Kipande cha upande wa transfoma ki hai. Wewe umejuaje huu ni upi?"

"Sikujua, mzee."

"Ndiyo hivyo. Hukujua. Na yule mama anayekuja na ndoo kichwani hajui kukuzidi wewe."

Nikamuuliza mbona fyuzi haikukatika yenyewe waya ulipogusa chini. Akachota mchanga kiganjani akanimwagia kwenye buti. "Mchanga wa kwetu ukikauka haupitishi kitu. Waya unajilalia juu yake kama mgeni kwenye mkeka, na kule kituoni, unakotoka umeme wa mji, hakuna atakayejua."

Tangu siku ile akatuwekea sharti. Anayepokea simu ya dharura, kabla hajauliza jina, kabla hajauliza namba ya mita, kwanza aseme: "Msiguse waya wowote ulioanguka, hata kama kwenu hakuna umeme." Akatufanya tuikariri kama watoto wa chuoni. Ukiisahau, siku hiyo unaosha gari.

Sharti lake la pili lilikuwa la simu tatu. "Simu moja ni fyuzi ya mtu," alikuwa akisema. "Simu mbili ni majirani wanaigana. Simu tatu, hiyo ni laini, washa gari." Tulikuwa na gari moja tu, tena la kusukumwa kila asubuhi, na eneo letu lilikwenda mpaka karibu na mdomo wa Ruvuma. Kwa hiyo simu ya kwanza na ya pili tuliziandika kwenye daftari kwa penseli. Ikija ya tatu kutoka upande uleule, tunachukua kalamu ya wino, tunapita juu ya zote tatu, tunaondoka. Nyumba zenyewe lazima ziwe tofauti. Mtu mmoja akipiga mara tatu, hiyo ni simu moja yenye kelele.

Msicheke. Sharti lile lilituokoa mara nyingi. Kuna Ijumaa bwana mmoja wa Mikindani alipiga akilia kwamba nyumba yake itaungua, tukamhurumia, tukaenda kwa simu moja. Tulipofika tukamkuta kavaa kanzu, yuko kibarazani, mita yake ya luku imekwisha yuniti. "Lakini mmefanya vizuri kuja," akatuambia, "nipelekeni msikitini." Na wakati tunampeleka, upande wa bandarini nguzo ilikuwa inawaka moto. Mzee Chilumba alipostaafu aliniachia koleo lake na soksi yake, na masharti yake mawili. Koleo ninalo hadi leo, halina hata doa la kutu.

Miaka ikapita. Goti la kulia likagoma kupanda ngazi, wakaniweka kwenye meza ya simu. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo halikuandikwa popote, kwa kuwa lilifanyika polepole. Simu ziliongezeka. Kila mtu sasa ana ya mkononi, na kila mtu anapiga akiwa na hasira. Nikianza, "Msiguse waya wowote ulioanguka..." ananikatiza, "Waya gani, mzee? Mimi nataka kuangalia mpira!" Nikawa nalisema kwa haraka. Halafu nikawa nalisema kwa wale tu wenye sauti za upole. Halafu likaisha. Sikumbuki siku niliyoliacha. Laiti ningekuwa naikumbuka, ningekuwa walau na siku ya kuilaumu.

Na sharti la simu tatu, lile la kuniacha nimekaa kitini, nililishika barabara!

Sasa nije kwa Mwalimu Zuhura. Alikuwa mwalimu wa fizikia, anakaa Likombe. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa mjane, akiishi peke yake katika kijiji kimoja njia ya kwenda Msimbati. Gesi inachimbwa huko huko kwao, lakini umeme unawafikia kwa waya mmoja mwembamba unaopita katikati ya mikorosho, na ukipuliza tu, umeondoka. Bi Somoe aliuza barafu na samaki kwenye friza. Msimu wa korosho ukifika, anashinda shambani kuokota, kama kijiji kizima. Umeme ukikatika mchana hakuna wa kujua. Anarudi jioni anakuta pweza wamelainika na maji yamefika mlangoni.

Siku moja mwalimu akaja ofisini kwetu na kopo la siagi mkononi. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kijibao kidogo chenye nyaya, betri ya simu ya zamani, na laini ya simu.

"Hili linachomekwa kwenye chaja ukutani," akanieleza. "Chaja ikizimika, linasubiri dakika mbili lihakikishe, halafu linatuma ujumbe kwa nguvu ya betri. Umeme ukirudi linatuma tena. Nimetengeneza mwenyewe. La kwanza lilikuwa la kutumia intaneti ya nyumbani kwangu Likombe, likawa halitumi chochote."

"Kwa nini?"

"Umeme ukikatika na kile kisanduku cha intaneti kinazimika, mzee. Mjumbe anakufa kabla ya kusema." Akacheka. "Ndiyo nikaweka laini ya simu. Naomba namba yenu ya dharura, litume kwangu na kwenu pia."

Nikasema, "Makubwa haya! Sasa hata friza zinapiga simu?" Wenzangu wakaangua kicheko. Lakini nikampa namba, kwa sababu alikuwa na adabu, na kwa sababu, nisiseme uongo, nilipenda ile kazi ya mikono. Nyaya alizoziunga kwa risasi zilikuwa safi kuliko zetu.

Ujumbe wa kwanza ulikuja wiki iliyofuata: UMEME UMEKATIKA KWA BI SOMOE. Tulikuwa na safari ya njia hiyo, nikapanda gari nami nikajionee. Nikamkuta Bi Somoe ukumbini anapiga pasi gauni. Alikuwa amechomoa kopo la binti yake ili apate tundu la pasi.

"Bi Somoe," nikamwambia, "umetutoa mjini."

"Mimi? Mimi sijamwita mtu. Aliyewaita ni huyo." Akalinyooshea kopo pasi. "Karibu ukae, fundi. Umeme wenu una wivu. Ukiona friza langu limejaa unaondoka, leo angalau umekuja mwenyewe." Akanipa barafu za ubuyu mbili, moja ya kwangu, moja ya dereva, na akakataa katakata nizile nikiwa nimesimama.

Nikacheka naye. Lakini niliporudi mezani nikawatangazia wenzangu kwamba kopo litahesabiwa kuwa nusu simu. Mwalimu aliposikia habari ya pasi alitengeneza jambo: aliifunga chaja kwenye tundu lake kwa mkanda wa plasta na kumnunulia mama yake waya mrefu wa pasi. Akanipigia kunieleza. Nikamwambia, "Sawa, mwalimu." Kopo likabaki nusu simu. Tena baada ya hapo halikukosea hata mara moja, nami nililijua hilo, maana kila lilipotuma, baadaye simu za watu zilikuja kulithibitisha.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya msimu wa korosho. Asubuhi palivuma upepo mfupi wa vumbi, hakuna mvua. Saa nne ujumbe ukaingia: UMEME UMEKATIKA KWA BI SOMOE. Nikaandika kwa penseli. Nikauliza kituoni, wakasema kila kitu kiko sawa, laini ya Msimbati haina tatizo. Gari lilikuwepo, dereva Kassimu alikuwepo, anasoma gazeti la juzi. Nikakaa nikisubiri simu ya pili.

Saa nne na nusu Mwalimu Zuhura akapiga, wakati wa mapumziko shuleni, kelele za wanafunzi nyuma yake.

"Mzee Saidi, shikamoo. Umeupata ujumbe?"

"Marahaba. Nimeupata, mwalimu. Tunasubiri wengine wapige."

"Wengine gani, mzee? Watu wote wako mikoroshoni."

"Wakirudi watapiga."

Nilisikia kabisa kwamba amekereka, ila alinistahi. "Haya. Nimempigia mama huko shambani. Anakwenda nyumbani sasa hivi, ana pweza wa harusi ya jirani, friza limejaa mpaka juu."

Na mimi, Saidi, niliyechapwa fimbo kidoleni kwa jambo hilihili, mwenye miaka yote ile ya nguzo na nyaya, nikamjibu hivi: "Vizuri, aende. Mwambie tu asilifungue friza ovyo, ubaridi utakaa."

Nilitoa ushauri wa pweza.

Someni tena sentensi yangu ile, ndiyo niliyowaitia hapa. Upepo ulikuwa umevuma. Nyumba moja mwisho wa laini haina umeme, kituoni hawaoni kitu, ardhi ni mchanga mkavu. Ningempa mwanafunzi wa wiki ya tatu habari hizo, angeniambia waya umelala mahali. Na yule mama anatoka shambani kwa miguu, anapita chini ya waya huohuo. Maneno yenyewe yalikuwa tisa. Nilikuwa nayo kinywani tangu ujana wangu.

Saa tano kopo likatuma tena, kwa kuwa lilikuwa linarudia kila saa mpaka umeme urudi. Kassimu akachungulia akasema, "Kopo linajifunza kuhesabu." Tukacheka. Saa sita kasoro simu ikalia, sauti ya mwanamume, na nyuma yake wanawake wanapiga mayowe.

"Dharura, jina la mteja?" nikasema. Hilo sikulisahau.

"Mimi mwenyekiti wa kijiji. Zimeni umeme, baba! Zimeni! Kuna mtu kwenye waya!"

Nikapiga kituoni wakazima laini yote. Tukaondoka, Kassimu akiendesha ambavyo hajawahi kuendesha. Nilikuwa nimejua ni nani. Nilijifanya sijui mpaka tulipoiona kanga aliyofunikwa.

Tawi la mkorosho lilikuwa limeukata waya, ukalala kukatisha njia ya watu. Chini yake mchanga umebadilika rangi. Walikuwa wameshamtoa, wamemlaza pembeni, wamemfunika. Vikapu vya korosho vimeachwa ovyo, korosho zimemwagika, na hakuna aliyekuwa na habari nazo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea nyuma yake ndiye aliyenieleza, kanga ameishika mdomoni.

"Tulipouona waya sisi tukasimama, tukaogopa. Yeye akasema, huu umekufa, mwanangu kanipigia sasa hivi, umeme hakuna. Akatua kapu. Akasema ngoja niuweke kando, nyie mna mizigo kichwani msije mkajikwaa." Akanitazama. "Alikuwa anatuondolea sisi, fundi."

Nilitaka ardhi inimeze. Nasema kweli, sikulia pale, nilifanya kazi. Tulikata tawi, tukaunga waya, tukapima. Mikono yangu ilikuwa inafanya kila kitu sawasawa, nikaichukia kwa hilo. Baadaye tukaenda nyumbani kwake, watu wamejaa uani, wameanza kutandika mikeka, Mwalimu Zuhura ameshafika kutoka mjini, amekaa chini kaegemea ukuta, viatu vya kazini bado viko miguuni. Kassimu akapiga simu kituoni, wakawasha laini. Kule ndani friza likaanza kunguruma. Dakika mbili zikapita. Simu ya dharura ilikuwa mfukoni mwangu, ikalia. Na simu ya mwalimu, pale alipokaa, ikalia nayo.

UMEME UMERUDI KWA BI SOMOE.

Aliusoma. Akainua macho, akanitafuta katikati ya watu mpaka akaniona.

"Mzee Saidi," akasema, taratibu kama anafundisha, "kopo langu lilisema nyumbani hakuna umeme. Na kweli nyumbani haukuwepo. Aliyejua kwamba njiani upo ni wewe."

Watu wakamwambia, mwalimu, subira, ni ahadi ya Mungu.

Tulimzika siku ileile baada ya alasiri. Pweza wa harusi walipikiwa matanga.

Ikaundwa kamati. Wakaniita, wakaliangalia daftari, wakaona ujumbe umeandikwa kwa penseli, saa imeandikwa, kituo kimeulizwa. Wakaandika kwamba taratibu zilifuatwa. Ni kweli zilifuatwa, nilizifuata mimi mwenyewe. Nilisubiri hata mmoja wao aniulize, "Ulimwambia nini binti yake?" Hakuna aliyeuliza, maana kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya swali hilo. Nilitoka nikiwa mtu safi kwenye karatasi. Usafi ule umeniwasha mpaka leo.

Siku hiyo niliivunja ncha ya penseli kwenye ukingo wa meza, nikaifunga kwa uzi mahali pale mlipoikuta. Kuanzia hapo niliandika kila simu kwa wino, na ile sentensi ya Mzee Chilumba nikairudisha. Watu walinitukana. Mmoja aliniambia, "Mzee, wewe ni kanda ya kaseti?" Nikamwambia ndiyo, na nikairudia tangu mwanzo. Wakubwa wakanisema kwa kuchelewesha foleni ya simu, nao nikawaitikia tu. Lakini nawaomba msije mkanisifu kwa hilo. Mtu anayenunua kufuli baada ya kuibiwa hasifiwi.

Ilinichukua muda kwenda kumwona mwalimu. Nilikuwa nafika mpaka geti la shule, nageuka. Mara ya tatu mlinzi akaniuliza kama nina mjukuu pale, ikabidi niingie. Alinipokea kwenye chumba cha walimu, akanipa kiti, yeye akabaki amesimama.

"Nimekuja kukuomba msamaha, mwanangu," nikamwambia.

Akatazama dirishani. "Nimekusamehe, mzee. Dini yangu inanitaka nikusamehe, na mama angenigombeza nisipofanya. Lakini usiniombe nikae nizungumze na wewe. Sijafika huko." Halafu akauliza, "Ulitakiwa useme nini siku ile?"

Nikamwambia. Nikamwambia neno kwa neno. Akachukua kalamu, akaiandika sentensi ile kwenye jalada la daftari la mwanafunzi lililokuwa mezani, akaisoma mara mbili midomo ikicheza.

"Ni fupi," akasema.

"Ni fupi," nikasema.

Sikumwona tena. Kopo nalo lilinyamaza. Nyumba ilifungwa, na nilisikia kwamba alilichomoa siku ya arobaini akaondoka nalo. Baadaye nikasikia amemweka mle binti wa mama yake mdogo, anauza barafu kama zamani, na kwamba mwalimu anawafundisha wanafunzi wake kutengeneza makopo ya namna ile, ya nyumbani kwao. Nilifurahi kusikia, furaha ya mtu anayepita mbele ya mlango ambao hawezi kubisha hodi.

Siku yangu ya mwisho kazini, nyinyi mkiwa chumba cha pili mnabishana nani akate keki, nilikuwa mezani nakusanya vitu vyangu. Saa nane mchana simu ya dharura ikalia. Ujumbe. Namba niliijua kabla sijavaa miwani.

UMEME UMEKATIKA KWA BI SOMOE. MSIGUSE WAYA WOWOTE ULIOANGUKA, HATA KAMA KWENU HAKUNA UMEME.

Nilikaa. Nikausoma, nikausoma tena. Mwalimu aliliwekea kopo maneno yale ili lisije likamtegemea mtu kama mimi. Nami nawaambia kwa kinywa changu, alifanya sawa kabisa.

Nikachukua kalamu, nikaandika kwa wino, simu moja. Nikamwita Kassimu aache keki. Akasema, "Mzee, ni moja tu hiyo." Akaniona uso, akachukua funguo. Mnakumbuka aliporudi alivyonung'unika: walikuta fyuzi ya nguzoni tu, dakika tano, wamechoma mafuta ya bure mpaka njia ya Msimbati na kurudi. Nilimwambia aandike jina langu.

Lakini alipokuwa bado njiani, nilifanya jambo moja ambalo hamkuliona. Niliichukua ile simu nikaujibu ujumbe. Niliandika: Nimeupata, Bi Somoe. Usiguse kitu njiani. Tunakuja. Najua namba ile iko ndani ya kopo la siagi, na kopo halisomi. Nikautuma hivyohivyo, nikaiweka simu mezani, nikaja kula keki yenu.